Nani Alikunywa Chachu ya Nduku?

Nduku alifunua sufuria akakuta mkate umelala vilevile alivyouweka.

"Woi," alisema polepole. "Wewe ni mkate ama ni tofali?"

Akaugonga kwa mpini wa kisu. Mkate wake wa siku zote ukigongwa hulia kama mlango wa mbao, na ganda hupasukapasuka lenyewe likipoa, majirani wa ploti wakichungulia kuuliza kunapikwa nini. Huu ulilia *du*, ukanyamaza.

Na leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Shangazi yake, Anti Nzisa, alikuwa njiani kutoka Matuu, ametumwa na Mzee Mutie, babake Nduku, kuja Ruiru kumpima Obiero. Akirudi na neno zuri, upande wa kina Obiero utaruhusiwa kupeleka mbuzi wa ntheo, na Nduku atakuwa amechumbiwa mbele ya watu. Akirudi na neno baya, kila mtu ashike njia yake.

Nduku si mtu wa kubabaika. Jana unga ulipokataa kufura alilaumu baridi ya Julai, akaufunika blanketi, akaendelea na shughuli zake. Sasa alichukua chupa ya chachu, ile anayoifuga mwenyewe kwa unga na maji, akanusa. Chachu yake hunukia ukali mtamu, kama maziwa lala. Hii ilinuka unga mtupu.

Na chupa hiyo alikuwa amemwachia Obiero kule kwake Kimbo, wiki yote aliyokuwa Matuu akiwaandaa wazazi.

Akampigia.

"Sasa mrembo," Obiero akaitika. "Mimi na mama tumeshatoka kwa nyumba. Tubebe soda?"

"Obiero, chachu yangu ulikuwa unailisha?"

"Kila asubuhi. Unga kijiko, maji kijiko. Si ndivyo ulisema?"

"Na ilikuwa inanukaje?"

Nduku akasikia pikipiki ikipita upande wa pili.

"Vizuri," Obiero akasema.

"Vizuri kama nini?"

"Kama... si unajua. Kama unga."

"Sawa. Kuja upesi."

Akakata simu. Ukitaka kujua kama mwanaume amelisha ng'ombe, muulize rangi ya ng'ombe.

Tuelewane hapa. Nduku hakuwa analilia chupa. Miaka miwili nyuma alikuwa na Mwau, kijana mtanashati wa maneno matamu, aliyekuwa akimwandikia, "Niko Mombasa kikazi babe, network ni mbaya." Nduku akamkuta Githurai 45 amekumbatia pakiti ya nepi, mtoto begani, mke kando akichagua viazi. Hakupiga kelele. Alimsalimia mke, akamshika mtoto kidole, akaenda zake. Alipompata Obiero, fundi wa mitambo kiwandani Thika, alimpa sharti moja tu: "Niambie ukweli hata kama unanuka. Ukinidanganya kitu kidogo, nitajua kikubwa kinakuja."

Obiero alikuwa ameapa.

Nduku akafungua simu, akamwandikia shangazi: "Anti, rudi tu Matuu. Hakuna mtu wa kuangaliwa hapa." Kidole kikabaki hewani juu ya kitufe cha kutuma.

Mlango ukabishwa. Obiero aliingia kwanza, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Macho yake yakatua kwenye mkate.

"Ni... chapati?"

"Keti chini. Mama yuko wapi?"

"Amesimama hapo nje kusalimia jirani yako. Nduku, nikueleze."

"Eleza kabla hajaingia. Nina ujumbe hapa wa kumrudisha Anti. Chupa ilienda wapi?"

Obiero akakuna kisogo. "Alhamisi nilitoka kazini nikakuta mama amepika uji."

"Na uji umeingiaje?"

"Aliamka akaona kitu cheupe kwenye chupa, kimechacha vizuri, kina mapovu. Kwetu kitu kama hicho ni uji, Nduku. Hata hakufikiria mara mbili. Akakipika chote."

Nduku alimtazama. Kitu kama kicheko kilimpanda kooni, akakimeza.

"Na wewe ulikunywa?"

"Kikombe kimoja."

"Obiero."

"Viwili. Ulikuwa mtamu, sitaki kukudanganya."

"Sasa ndiyo hutaki kunidanganya? Ukajaza chupa unga na maji, ukanirudishia na uso mkavu?"

"Nilifikiria nitamwambiaje mama yangu kwamba amekunywa mkate wa mkaza mwana? Hamjawahi hata kuonana. Nilikuwa nampunguzia aibu."

"Ukanipatia mimi. Mbele ya shangazi yangu. Kitu kidogo hivi, Obiero, na umenidanganya ukiniangalia machoni. Kesho kikija kikubwa?"

Jibu liliingia mlangoni likiwa limevaa kitambaa cha Mothers' Union, kina mama wa kanisa, mkononi mkebe wa zamani wa siagi.

"Nyathina, mwanangu," Mama Obiero alimwita Nduku, akamkumbatia bila kungoja kutambulishwa. "Kumbe ni wewe. Nimekuletea chachu ya uji, tumpikie shangazi yako. Huyu kijana aliniambia jirani yake Kalondu ndiye aliyeiacha pale. Huyo Kalondu ana mkono, nakwambia."

Nduku akageuka taratibu. "Kalondu?"

Obiero alitafuta pa kuzamia sakafuni, akapakosa.

"Mama," Nduku akasema, "ilikuwa chachu yangu ya mkate."

Mama Obiero aliangalia mkate, akaangalia mkebe, akamwangalia mwanawe. Mwanamke aliyelea watoto na ng'ombe pamoja hahitaji kuelezwa mara mbili.

"Jeconia," akamwita mwanawe kwa jina la ubatizo.

"Mama."

"Ulitudanganya wote wawili?"

"Nilikuwa nataka msikosane."

"Mimi nikikosa kwa kikombe cha uji, naomba msamaha, tunacheka, imekwisha. Sasa umenifanya mwizi na sikujua." Akamgeukia Nduku. "Binti yangu, nisamehe. Nilikunywa mkate wako. Lakini sisi hatumalizi kitu kilichochacha. Unabakisha kidogo cha kuzalia kingine. Nimekuwa nikikilisha unga wa wimbi, niende nacho nyumbani Siaya."

Nduku akafungua mkebe. Mapovu. Ukali mtamu ukampanda puani. Chachu yake ilikuwa hai, imenona, imegeuka rangi ya kahawia.

Alifuta ule ujumbe. Kisha akamwambia Obiero:

"Bado hujapona. Anti akifika, utamweleza wewe mwenyewe. Uji, vikombe viwili, Kalondu, yote. Ukiruka neno, nitakusindikiza stage ya matatu."

"Mbele ya mama?"

"Mbele ya mama na mbele ya mkate."

Anti Nzisa alifika na kikapu cha maembe yaliyokaushwa na macho ya mpelelezi. Nduku hakuomba radhi. Aliukata ule mkate vipande vyembamba kama kadi, akavikausha juu ya makaa mpaka vikalia kwa meno, akaweka katikati ya meza bakuli la mafuta ya zeituni. Ndani mlikuwa na kitunguu saumu, chumvi, pilipili iliyotwangwa na majani ya rosemari kutoka ua wa kanisa.

"Mafuta mabichi?" Anti akauliza. "Hayajaona moto?"

"Chovya tu, Anti."

Anti alichovya kwa mashaka. Akatafuna. Akachovya tena bila mashaka.

"Mkate wenyewe umepatwa na nini?"

Nduku akamwangalia Obiero. Obiero akasimama kama mtu anayetoa ushuhuda, akasema yote. Hata kwa Kalondu hakuruka.

Anti aliweka kipande chini.

"Kwa hiyo mama mkwe amekunywa mkate, na bwana harusi akasaidia."

"Ndiyo, Anti."

"Ulikuwa mtamu?"

"Sana, Anti."

Mama Obiero ndiye aliyeanza kucheka, mkono kwenye mdomo. Anti akafuata, mpaka akatafuta leso.

"Nduku," alisema akijifuta, "mimi nilikuja kuangalia kama anajua kusema vizuri. Hajui. Amesimama hapa akajianika kama mahindi, na hilo nalipenda zaidi. Lakini uamuzi ni wako, mimi ni miguu tu."

Nduku akachovya kipande kinene kuliko vyote, akampa Obiero mkononi.

"Kula. Kesho ndiyo utakula mkate."

Na kweli, Jumapili baada ya ibada alifunua sufuria, na mkate wa kahawia ulikuwa umesimama, umepasuka juu, ganda likilia lenyewe huku wanawake watatu na mwanaume mmoja wakiusikiliza kimya. Anti alirudi Matuu na wa pili pamoja na kichupa cha mafuta.

Jumanne simu ya Nduku ikaita ujumbe. Anti Nzisa: "Baba yako amemaliza mkate na kulamba mafuta. Anauliza mbuzi wanakuja lini, na kama mama wa kijana atakuja na ule uji."

Kabla hajajibu, mwingine ukaingia kutoka Kimbo, ambako chupa ilikuwa imerudi malezini kwa masharti makali. Obiero: "Nimelisha."

Nduku akaandika: "Inanukaje?"

Obiero: "Kama uji wa mama. Sijaonja."