Kushtakiana kwa Mungu

Adhana ya Isha ikishanyamaza, familia ya Gerishon ilikaa kwenye zulia kusali. Ndiyo ilikuwa desturi yao tangu walipohamia Al Wukair, nje kidogo ya Doha, nchini Qatar. Walikuwa wamepanga vyumba viwili upande wa nyuma wa nyumba kubwa iliyogawanywa kwa wapangaji. Gerishon alitengeneza kompyuta katika ofisi moja mjini Doha. Mkewe, Kwamboka, alikuwa muuguzi hospitalini. Binti yao, Nyanchama, alikuwa na miaka tisa.

Wakenya wenzao wa kanisani waliisifu sana nyumba hiyo. Walisema, "Kwa Gerishon kunasaliwa." Na kweli kulisaliwa. Shida ilikuwa ni yale yaliyosemwa.

Jioni moja basi la hospitali lilimchelewesha Kwamboka. Alifika akasonga ugali akiwa bado na sare ya kazi. Walikula bila kusemezana. Kisha Gerishon akafumba macho.

"Bwana," alianza kwa sauti nzito, "wewe unaiona nyumba hii. Unamwona mama anayerudi giza limeingia, na mtoto wake ameshinda na biskuti. Mfungue macho, Bwana, ajue familia ni nini. Na huyu mtoto mwenye uvivu wa hesabu na ulimi wa uongo. Jana alisema amemaliza kazi ya shule, kumbe hata hajaigusa. Mwondolee roho hiyo."

Kwamboka alibana midomo. Neno kama hilo lingesemwa mezani, angelijibu papo hapo. Lakini nani amkatize mtu anayeongea na Mungu? Alingoja zamu yake, na ilipofika hakubaki nyuma.

"Baba wa rehema," alisema polepole, "nakushukuru kwa mikono yangu inayofanya kazi huko na hapa. Wakumbuke, Bwana, wale wanaofika nyumbani mapema, wakaona kikombe kichafu, wakakiruka kama si chao. Walegeze mioyo. Walegeze na mikono."

"Amina," alisema Gerishon, kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole.

Nyanchama hakusema amina. Alikuwa amejikunja, mikono iko tumboni.

"Mama, tumbo," alisema.

Tumbo hilo lilikuwa limewasumbua kwa wiki kadhaa. Lilikuja jioni, likaondoka asubuhi. Mwanzoni Kwamboka alidhani ni minyoo. Baadaye akadhani ni chakula. Alimpeleka mtoto kliniki. Daktari alimbonyeza tumbo, akampima damu na choo, asipate kitu. "Mtoto ni mzima," alisema. Kwamboka alishukuru, lakini hofu haikumtoka. Alikuwa ameuguza watoto wengi. Alijua kwamba mtoto halii kwa maumivu kila siku bila sababu.

Upande wa mbele wa nyumba hiyo aliishi Phoebe. Watu walimwita Mama Trevor, kwa jina la mwanawe mkubwa aliyebaki Nakuru. Alikuwa msimamizi wa wauguzi katika wodi ya watoto, na alikuwa amekaa Doha miaka mingi. Kila Ijumaa, ambayo ndiyo siku ya ibada katika mji huu, alifundisha darasa la waumini wapya. Alikuwa mtu mpole, ila hakuwa na tabia ya kuzungusha maneno.

Siku moja Gerishon alitumwa kazi mtaa wa The Pearl, ng'ambo ya mji, na Kwamboka alikuwa na zamu ya mchana mpaka jioni. Nyanchama akaachwa kwa Mama Trevor. Kwamboka alipokuja kumchukua, Mama Trevor alitoka nje, akaurudisha mlango nyuma yake.

"Ameumwa tena?" Kwamboka aliuliza.

"Ameumwa. Lakini hebu sikiliza. Alikula chapati mbili, akacheza, akacheka. Niliposema tu, 'Haya, tusali,' akashika tumbo."

Kwamboka alisogea karibu.

"Sikumlazimisha," Mama Trevor aliendelea. "Nilisali mimi, kidogo tu. Nikashukuru kwa chapati. Kisha nikamuuliza kama angependa kumwambia Mungu kitu. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Anti, Mungu hataki kunisikia. Baba humwambia vitu vyangu vibaya kila siku. Saa hii ashachoka na mimi.'"

Kwamboka aliegemea ukuta. Machozi yalimtoka, na hakujaribu kuyaficha. Ugonjwa wowote wa mtoto angeukabili kwa dawa. Lakini mtoto anayeamini kwamba Mungu amechoka naye, utampa dawa gani?

"Mimi nilidhani tunamlea katika imani," alisema.

"Mnamlea katika kesi. Kila jioni mnampeleka kortini. Halafu nyinyi wenyewe mnapigana papo hapo, mmefumba macho. Hata wewe, Kwamboka. Ameniambia na ile ya vikombe."

Hilo la vikombe lilimchoma Kwamboka kuliko yote. Siku zote alikuwa amejiona yeye ndiye anayeonewa.

"Sasa Baba Nyanchama nitamwambia vipi? Si atasema nampinga katika mambo ya Mungu?"

"Mwambie maneno ya mtoto, vile alivyoyasema. Usiongeze lako. Na mwambie mkiangaliana usoni. Akitaka tuongee, Ijumaa baada ya ibada mnipate hapa."

Asubuhi yake, Gerishon alipokuwa akipiga viatu rangi, Kwamboka alimwambia. Hakuongeza lake, ingawa ulimi ulimwasha.

"Watoto husema mambo," Gerishon alijibu, akiendelea kusugua kiatu.

"Hakusema mambo. Alisema hilo."

Gerishon aliondoka bila kunywa chai.

Ijumaa ilipofika, alikuja hata hivyo. Mama Trevor aliwapikia karak, ile chai nzito ya maziwa inayopendwa Doha. Nyanchama aliachwa chumba cha ndani akitazama katuni. Gerishon alikaa ukingoni mwa kiti, tayari kujitetea.

"Mama Trevor, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini mimi ndiye kichwa cha nyumba. Nisipotaja makosa, nitaombaje toba?"

"Taja yako."

Gerishon alirudi nyuma kwenye kiti.

"Ya mkeo atayataja mwenyewe," Mama Trevor aliendelea. "Ya mtoto, mfundishe ayataje yeye, akiwa hana hofu. Ukiwa na neno na Kwamboka, mwambie kabla ya kusali. Mezani, jikoni, popote. Mpe nafasi ya kujibu. Ukingoja afumbe macho ndipo umseme, umemfunga mdomo kwa jina la Mungu."

"Na mimi?" Kwamboka aliuliza.

"Wewe uache kulipiza. Sala si mahali pa kurudisha kofi."

Kisha Gerishon aliuliza kwa sauti ya chini, na safari hii aliuliza kweli. "Basi tusali vipi? Tukitoa hayo yote, tunabaki na nini cha kusema?"

"Mko na mengi," Mama Trevor alisema. "Anzeni na shukrani. Si ile ya jumla ya 'asante kwa kila kitu.' Tafuta kitu cha leo. Basi limefika salama, mshukuru Mungu kwa basi. Halafu kila mtu aseme lake alilokosea, moja linatosha. Someni mistari michache ya Neno, na mtoto naye aulizwe ameelewa nini. Ombeeni mtu wa nje, aliye mgonjwa, au aliyenyimwa likizo. Ukimtaja mwenzako, mtaje kwa kumtakia mema, vile wewe ungependa kutajwa. Kisha nyamazeni kidogo. Mungu naye hupewa nafasi."

"Ni hayo tu?"

"Hapana. Mkiinuka, mfanye. Ukiombea mgonjwa, mpigie simu. Ukiomba uvumilivu, utahitajika kabla hujafika mlangoni. Na msirefushe sana, miguu ya mtoto hufa ganzi."

Kwamboka alitabasamu kidogo. "Na tutajuaje kama sala yetu inazaa matunda?"

"Usiulize watu wa kanisani, hao huona Ijumaa tu. Muulize unayeishi naye. Upole umeongezeka humu ndani? Watu wanaogopana kidogo kuliko jana? Hayo ndiyo matunda. Sauti kubwa hata redio inayo."

Gerishon aliinamia kikombe chake. Alipozungumza tena, sauti ile nzito haikuwepo.

"Baba yangu alisali hivyohivyo," alisema. "Ukisikia umetajwa kwa sala, ulijua baada ya amina ni fimbo."

"Na ulimpenda Mungu siku hizo?"

"Nilimwogopa. Kumpenda kulikuja nikiwa mtu mzima, na kulichukua miaka." Alitazama kwenye mlango wa chumba alimokuwa binti yake. "Sitaki naye angoje hivyo."

Kesho yake jioni, Kwamboka alipotoka kazini, walikaa tena kwenye zulia. Kabla hajafumba macho, Gerishon alimgeukia mkewe.

"Mama Nyanchama, ukichelewa mimi hukasirika. Lakini ukweli ni kwamba naogopa. Ile barabara na yale malori, nakaa hapa nikifikiria mabaya tu. Halafu ukiingia mzima, badala ya asante inatoka hasira."

Kwamboka hakuwa amewahi kusikia jambo hilo. Alikuwa amebeba hasira ya mumewe miezi yote hiyo bila kujua ndani yake kulikuwa na nini.

"Basi likichelewa nitakutumia ujumbe," alisema. "Na wewe uanze ugali."

"Nitaanza. Lakini usinicheke."

Kisha wakafumba macho. Gerishon, bingwa wa sala ndefu, alitafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo gizani.

"Bwana, asante kwa mke wangu amefika. Nimemtia mtoto wangu hofu, na nimetumia jina lako. Nisamehe." Alikwama hapo. Akafumbua macho, akamtazama Nyanchama. "Mungu hajachoka na wewe, mama. Hajawahi. Mimi ndiye niliyekosea kusema."

Nyanchama alimwangalia. Tumbo lilimuuma jioni hiyo pia. Mazoea ya miezi hayaishi kwa usiku mmoja, na wazazi wake walipaswa kulimeza hilo.

Siku zikaenda. Ugali wa Gerishon ulikuwa na madonge, ukaliwa hivyohivyo. Mara nyingine alijisahau akaanza, "Bwana, umguse huyu..." kisha akakohoa na kusema, "Uniguse mimi." Kwamboka naye aliyumba. Kuna jioni aliyoanza kushukuru kwa mikono yake, akasikia ile sumu ya zamani ikipanda, akaishia kushukuru kwa maji ya kuoga. Walimwombea Herbert, mlinzi kutoka Uganda aliyefiwa na mama yake asiweze kwenda kumzika. Ijumaa iliyofuata walimpelekea chakula chumbani kwake mtaa wa Najma, wakakaa naye mpaka alasiri. Nyanchama ndiye aliyebeba bakuli la maharagwe.

Polepole tumbo likanyamaza. Kwamboka aliligundua hilo siku moja akifua, kwamba hajalisikia lile "Mama, tumbo" kwa muda, na akakaa chini pale bafuni akamshukuru Mungu. Hata hivyo Nyanchama alikuwa bado hajasali kwa sauti. Ikifika zamu yake alitikisa kichwa, nao wakamwacha.

Ikaja alasiri moja mtoto alipomwaga chai kwenye kompyuta ya kazi ya baba yake. Kwamboka alisikia kikombe kikianguka, akakimbia. Alimkuta Nyanchama amesimama, kitambaa mkononi.

"Mama," alisema, "Baba atamwambia Mungu?"

Kwamboka alitamani kusema hapana. Lakini hakuwa na hakika, na hakutaka kumdanganya. "Mwambie Baba wewe mwenyewe kwanza," alisema.

Gerishon alipofungua mlango alimkuta binti yake anamngoja.

"Baba, nimemwagia kompyuta yako chai. Haiwaki."

Uso wa Gerishon ulikakamaa. Kwamboka, aliyekuwa jikoni, alishika ukingo wa sinki. Gerishon alivua kiatu kimoja, akakaa nacho mkononi. Akavua cha pili.

"Ulitaka kunificha?" aliuliza.

"Nilitaka. Halafu nikaacha."

"Sawa. Nimekasirika, sitakudanganya. Hiyo ni kazi ya watu. Lakini umefanya vizuri kuniambia. Njoo tuifungue, tuikaushe. Na chai usiilete tena kwenye meza yangu."

"Sitaleta."

Usiku huo walisali kama kawaida. Gerishon alishukuru kwa kazi, na kwa hewa iliyopoa. Alikiri kwamba alimfokea mwenzake ofisini mbele ya watu, akasema kesho atamwomba radhi. Akamwombea Herbert. Kisha akasema amina.

Kwamboka alifumbua macho. Nyanchama alikuwa hajafumba ya kwake hata kidogo. Alikuwa anamtazama baba yake.

"Baba," alisema, "umesahau chai."

"Sijasahau," Gerishon alisema. "Ile tuliimaliza pale mlangoni, mimi na wewe."

Mtoto alifikiri. Kisha akakaa vizuri kwenye zulia, akakutanisha mikono.

"Basi ngojeni," alisema. "Msiinuke."

Akafumba macho.

"Mungu," alisema, "ni mimi, Nyanchama."