Njia Nne za Sarafu Mbili

Kila siku ya soko, Kadidja alitoka nyumbani jua halijapanda. Alibeba cherehani yake kichwani hadi kwenye baraza la duka moja la unga, karibu na soko la Muyinga, kaskazini mwa Burundi. Cherehani hiyo alirudi nayo kutoka Tanzania, juu ya lori la wakimbizi, imeviringishwa ndani ya godoro ili isivunjike. Kule kambini ilimlisha yeye na watoto wake wanne, Husni na wadogo zake, kwa miaka kumi na miwili. Sasa amani imerudi, naye amerudi, na cherehani bado inamlisha.

Barazani kulikuwa na mafundi watatu. Wa kwanza ni Kadidja mwenyewe. Wa pili ni Raissa, binti wa mjini, mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Wa tatu ni Klara, mjane wa Gasorwe, nje ya mji. Klara hakuwahi kukimbia nchi. Ndiye aliyemsogezea Kadidja nafasi pale barazani siku aliporudi, wakati wengine walimtazama kama mgeni.

Baraza lilikuwa fupi. Chini ya bati ilienea cherehani moja tu, na benchi la wateja. Mafundi wawili waliobaki walikaa nje, juani au mvuani, chini ya kipande cha plastiki. Na mteja ni mtu wa kawaida. Akiona kivuli na benchi, huenda hapo kwanza. Fundi wa kivulini alishona nguo sita. Wa juani alishona mbili.

Mwanzoni walikaa kwa zamu. Zamu zikaleta ugomvi. Mmoja akiumwa, zamu yake inapotea. Mwingine anaangukia siku kabla ya Idi, wakati wateja ni wengi kama siafu.

"Tupige kura," alisema Kadidja siku moja. "Kambini tulifanya hivyo. Tunarusha sarafu mbili. Zikianguka namba mbili juu, Raissa anakaa kivulini. Zikianguka migongo miwili, nakaa mimi. Zikichanganyika, moja namba, moja mgongo, anakaa Klara. Watu watatu, mambo matatu."

"Haki kabisa," alisema Raissa.

Klara hakuwepo. Alikuwa bado njiani, anatembea kwa miguu kutoka Gasorwe. Alipofika aliambiwa, akasema, "Mimi sawa. Mnipe kilichobaki."

Wakaanza. Kadidja alitundika nyuzi tatu kwenye cherehani yake, uzi mmoja kwa kila fundi. Aliyepata kivuli alifungiwa fundo kwenye uzi wake. Baada ya siku ishirini za soko, Kadidja aliyahesabu mafundo. Raissa alikuwa na matano. Yeye mwenyewe manne. Klara kumi na moja.

Kadidja alihesabu tena. Kumi na moja.

Siku hiyo alirusha sarafu kwa mkono wake mwenyewe. Moja namba, moja mgongo.

"Yemwe! Tena?" alishangaa Raissa kwa Kirundi, akicheka. "Dada Klara, hiyo dawa unainunua wapi? Tugawie kidogo."

"Kule kwetu dawa ni maharage na kuamka mapema," alijibu Klara, naye akicheka. Akavuta cherehani yake kivulini.

Kadidja hakucheka. Moyoni alisema: Mimi ndiye niliyerusha, na bado zikamwendea yeye. Hapa kuna kitu. Mchana alikuja mama mmoja kukatiwa kitambaa. Kadidja akamnong'oneza, "Yule mwenzetu ana mambo yake. Hata sarafu zinamtii."

Neno ni kama moshi, halina mlango wa kulizuia. Wiki haikuisha, mama mwingine akaja mbio barazani. Alikuwa amempa Klara sare ya shule ya mtoto wake. Akainyakua toka mezani kabla haijamalizwa.

"Mwanangu havai nguo iliyopita kwenye mikono hiyo," alisema.

Klara alibaki ameshika sindano hewani. Wateja wengine wawili walimfuata yule mama. Jioni Klara alifunga vitu vyake taratibu.

"Siku ya soko ijayo ni ya mwisho kwangu," alisema. "Nitarudi kulima."

"Kulima wapi?" aliuliza Raissa. Wote walijua shamba la Klara. Kuku wawili wakisimama pale, wa tatu hana pa kusimama.

Kadidja aliinama, akajifanya anatafuta uzi.

Kesho yake Kadidja alipanda gari kwenda Gitega kununua nyuzi na zipu. Siku zote alinunua kwa Dorcas, Mkongomani kutoka Uvira. Zamani, kabla ya vita kumfukuza, Dorcas alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Sasa alikuwa na kibanda kidogo cha vifaa vya ushonaji, na wateja wake bado aliwasahihisha kama wanafunzi.

"Mama Husni! Karibu, kaa. Uko na uso ya mtu mwenye amemeza sindano," alisema Dorcas.

Kadidja akamsimulia yote. Sarafu, mafundo, dawa. Dorcas alisikiliza huku akipanga zipu kwa rangi. Kisha akaacha kupanga.

"Bon, sawa. Hiyo sheria ya sarafu, nani aliitunga?"

"Mimi."

"Na kwa nini ulisema ni haki?"

"Sisi ni watatu. Na sarafu mbili zinaanguka kwa namna tatu. Namba mbili, migongo miwili, au mchanganyiko."

"Tatu? Mi naona iko nne. Tia sarafu zako hapa."

Kadidja aliweka sarafu mbili juu ya meza. Dorcas alichukua chaki ya fundi, akapaka sarafu moja pande zote mbili.

"Hii nyeupe, ile haiko na rangi. Sasa tupange kwa mkono, tusirushe. Nionyeshe namna zote zinaweza kuanguka."

Kadidja alizilaza zote namba juu. "Hii moja."

"Njo hiyo," alikubali Dorcas. "Ingine?"

"Zote migongo. Mbili." Akafikiri. "Nyeupe namba, hii nyingine mgongo. Tatu. Nimemaliza."

"Umemaliza? Na nyeupe ikilala mgongo, ile ingine ikatoa namba?"

Kadidja alizigeuza. Akazitazama. "Lakini huo ni mchanganyiko uleule."

"Kwa macho, ndiyo. Kwa njia, hapana. Hesabu njia."

Dorcas akachora kwa chaki juu ya ubao wa meza, mistari minne:

nyeupe namba, nyingine namba
nyeupe namba, nyingine mgongo
nyeupe mgongo, nyingine namba
nyeupe mgongo, nyingine mgongo

"Raissa iko na mustari ngapi?"

"Mmoja, wa juu."

"Na we?"

"Mmoja, wa chini."

"Na Klara?"

Kadidja aliweka kidole kwenye mstari wa pili. Kisha, polepole, kwenye wa tatu. "Miwili," alisema.

"Sasa unaona. Sarafu haipendi namba, haipendi mgongo. Hii mistari ine yote iko sawa, hakuna moja yenye iko na nguvu kupita ingine. Lakini Klara iko na mbili, nyinyi iko na moja moja. Kwa mara ine, atapata karibu mbili. Kwa mara makumi mbili?"

"Kumi," alisema Kadidja. "Sisi tano tano."

"Na mafundo yalisema nini?"

"Kumi na moja, tano, nne." Kisha Kadidja akabisha kidogo. "Lakini sarafu zangu hazina chaki, dada Dorcas. Zinafanana."

"We mama! Mapacha wanafanana sura, lakini mumoja akikula, mwenzake hashibi. Wewe kushindwa kuwatofautisha hakufanyi wawe mutu mumoja."

Kadidja hakuridhika kwa maneno tu. Alizirusha mwenyewe mara ishirini pale mezani, Dorcas akiandika. Mchanganyiko ulitoka mara tisa. Namba mbili mara sita. Migongo miwili mara tano.

"Si kumi kamili," alisema Kadidja.

"Kurusha mara moja, hakuna mutu anajua. Hesabu inakuambia tu wapi utarajie mingi. Na ni nani alirusha sasa? Klara iko hapa?"

"Hayupo."

"Basi dawa imefika Gitega kwa gari gani?"

Kadidja hakucheka. Aliziokota sarafu zake.

"Nimemharibia mtu jina," alisema.

"Njo hivyo. Zipu nitakufungia. Nenda."

Aliporudi Muyinga, Kadidja hakwenda nyumbani kwanza. Alitafuta baiskeli ya abiria, akaenda hadi Gasorwe. Alimkuta Klara uani, anapepeta maharage. Kadidja akaeleza yote, mwanzo hadi mwisho, akachora na ile mistari minne kwenye vumbi.

Klara aliitazama mistari.

"Unaniambia mimi sina dawa," alisema. "Mimi nilikuwa najua. Nenda kawaambie uliowaambia."

Siku ya soko ilipofika, Kadidja alisimama barazani mbele ya wateja. Yule mama wa sare alikuwepo. Kadidja alisema kwa sauti, "Niliwaambia Klara ana mambo yake. Nilisema uongo kwa sababu sikujua kuhesabu. Sheria ilikuwa yangu, na mimi ndiye niliyempa njia mbili. Yeye hata hakuwepo." Akapaka sarafu moja chaki, akawaonyesha njia zote nne, moja moja. Kisha akampa yule mama azirushe.

"Nirushe mimi? Zisije zikaning'ang'ania!" alisema yule mama. Watu wakacheka. Alirusha mara nane. Mchanganyiko ukatoka mara tano. Yule mama alizitazama sarafu, akamtazama Klara, akatoa ile sare kwenye kikapu. Pindo lilikuwa bado linaning'inia.

"Utanimalizia leo?" aliuliza.

"Ukisubiri foleni," alisema Klara.

Ikabaki kutafuta kura ya haki. Raissa alisema, "Tuna watu watatu, basi tutafute kitu chenye njia tatu, kila mtu yake." Akaleta vifungo vitatu: chekundu chake, cheusi cha Kadidja, cheupe cha Klara. Wakavitia kwenye mfuko wa kitambaa.

"Ngoja," alisema Klara. "Cheupe ni kikubwa. Kidole kitakijua. Mtaanza tena kunisema."

Wakatafuta cheupe kingine, cha ukubwa sawa na vile viwili. Sasa kulikuwa na njia tatu, hakuna iliyojificha, na hakuna mwenye mbili. Kadidja akafumba macho, akaingiza mkono, akachanganya vizuri, akatoa kimoja.

Kilikuwa cheupe.

Raissa aliuma mdomo. Klara alisimama na mikono kiunoni.

"Haya," alisema. "Semeni sasa."

"Njia moja kati ya tatu, dada," alisema Kadidja. "Leo imetoka yako. Ingia kivulini, mama wa sare anangoja."

Akajitanda kitenge kichwani, akavuta cherehani yake juani, na akaanza kushona.