Habari Njema Iliyofichwa Jikoni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alimmiminia baba yake chai na kumkatia mkate. Jina la Chiriku alipewa na baba huyohuyo, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Baba alikuwa seremala, lakini tangu gogo lilipomwangukia mkono wa kulia pale karakanani, vidole vyake vilibaki vimenyooka kama vya sanamu. Havikufumba wala kushika kitu. Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani, ndiye aliyeibeba nyumba nzima.

Asubuhi hiyo Chiriku aliweka kikombe mezani, upande wa kushoto wa baba kama kawaida, akageuka kuchukua kisu. Aliporudi alikuta kikombe kiko hewani. Baba amekishika kwa mkono wa kulia. Kilikuwa kinatetemeka na chai inamwagika mezani, lakini hakikuanguka.

"Mama Chiriku," baba aliita polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Hebu njoo uone."

Mama alikuja na pini mdomoni. Alipoona, aliitoa ile pini, akakaa sakafuni, akacheka huku machozi yakimtiririka. Chiriku alirukaruka mpaka paka akakimbilia uvunguni mwa kabati. Wakamshukuru Mungu kwa sauti, wote watatu kwa pamoja, na chai ikapoa bila mtu kujali.

"Nakimbia kumwambia Bibi Mikate," alisema Chiriku, mguu mmoja tayari uko nje.

"Ngoja, mwanangu," mama akamzuia. "Usimwambie kwanza."

Bibi Mikate alikuwa mwokaji, na tanuri lake lilikuwa ng'ambo ya barabara. Kila Alhamisi jioni waumini wachache wa kanisa lao walikutana sebuleni kwa kina Chiriku, katikati ya vitambaa na nyuzi, wakasoma Biblia na kuombeana. Bibi Mikate aliushika mkono wa baba kwa mikono yake yenye unga kwenye kucha, akauombea kana kwamba ni wa mwanawe wa kumzaa. Nao walimwombea yeye, kwa sababu mwanawe, dereva wa malori, aliondoka kwa hasira na hakuwahi kuleta hata salamu.

"Sisi tumejibiwa, yeye bado," mama alieleza. "Tukimwendea tunacheka, tutamtonesha kidonda. Tunyamaze kidogo."

Baba alijikuna kichwa. "Kumficha yeye? Sijui, Mama Chiriku." Lakini hakubishana.

Njiani kwenda shule Chiriku alipitia tanurini kuchukua mkate wa mchana. Alijibana midomo mpaka ikamuuma.

"Leo umemeza nini?" Bibi Mikate alimtania huku akichomoa mikate kwa koleo lake refu la mbao. "Chiriku gani huyu asiyelia?"

"Hamna kitu, bibi."

"Haya. Na mkono wa baba unaendeleaje?"

"Vilevile tu, bibi."

Maneno yalimtoka haraka hata yeye mwenyewe akashtuka. Bibi Mikate alisimamisha koleo. Tabasamu lilimwondoka usoni.

"Vilevile," alirudia. "Basi mwambie mama yako Alhamisi msinisubiri. Nimechoka, mjukuu wangu. Mimi nawaombea, nyie mnaniombea, na hakuna kinachosogea. Nahisi maombi yetu yanaishia darini."

Chiriku alichukua mkate wake, lakini miguu ilikataa kwenda shule. Bibi Mikate aache kuja kuomba? Yeye aliyewafundisha watoto wote wa mtaa ule kusema "Amina" bila kusinzia? Akageuza njia, akaingia nyumbani mbio.

"Baba, mama, nimesema uongo," alisema akihema, kisha akaeleza yote.

Mguu wa mama ulisimama juu ya kanyagio la cherehani. "Mimi ndiye niliyekwambia unyamaze."

"Uliniambia ninyamaze, mama. Uongo nimejiongezea mwenyewe."

Baba alikuwa ameshasimama. Alitoka na ndala za mama miguuni, visigino vikining'inia nje, wala hakujali. Walivuka barabara wote watatu.

Bibi Mikate alikuwa anakanda unga, amewapa mgongo wateja. Baba alizunguka hadi mezani kwake. Alinyoosha mkono wa kulia, akaushika ule unga, akaubana, akaachia. Alama za vidole zikabaki zimezama ndani yake.

Bibi Mikate aliziangalia. "Tangu lini?"

"Leo asubuhi, mama," baba alimjibu, "tukinywa chai."

Akamgeukia Chiriku. "Vilevile tu, eh?"

"Nisamehe, bibi," alisema Chiriku, macho chini. "Nilikudanganya. Nilidhani ukisikia utaumia."

"Wazo lilikuwa langu," mama akadakia. "Tulikuonea huruma."

"Huruma gani hiyo?" Bibi Mikate alijishika kiuno, na kiuno chote kikawa cheupe kwa unga. "Mkono huu nimeuombea mpaka magoti yananung'unika. Leo umepona, halafu mimi ndiye wa mwisho kujua? Hata paka wenu ameniwahi?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni, akamshika baba mkono, akauzungusha kama anakagua mkate ulioiva vizuri. Mara akaanza kuimba wimbo wa sifa, mama akaitikia, na wateja wawili watatu waliokuwa wa kanisa lao wakapiga makofi kwenye foleni.

"Bibi, kuna kitu kinaungua," mteja mmoja alisema.

"Leo mtakula cheusi na mtashukuru," alimjibu bila kugeuka.

Walipotulia, alimvuta Chiriku karibu. "Sikiliza, mjukuu wangu. Uongo ni uongo hata ukiuvalisha nguo ya upole. Lakini kuna jambo jingine. Mungu anapomtendea mmoja wetu, wote tunapata nguvu ya kuendelea. Ukinificha furaha yako, umeninyima chakula cha imani yangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

"Basi kimbia shule, na huko ukaseme ukweli kwa nini umechelewa."

Chiriku hakukimbia. "Na Alhamisi, bibi? Bado umechoka?"

Bibi Mikate aliinamisha kichwa. Mikono yake ilitulia juu ya unga, na aliposema, alisema kwa sauti ndogo ambayo hawakuizoea.

"Sikuwa nimechoka kuomba," alisema. "Nilikuwa naogopa kwamba Mungu amenisahau, na nilitamani mtu aje aniambie kwamba bado anasikia."