Jogoo wa Bwana Zuhair

Jua lilikuwa linazama nilipompitia mdogo wangu Clement ili nimpeleke mtaa wa Greenbelt, huku ughaibuni tunakoishi, kwa Bwana Zuhair. Huyu alikuwa Mzanzibari aliyewatajia wacheza kamari farasi atakayeshinda mbio, kwa ada. Clement alitaka kuacha kazi ya hotelini, aishi kwa farasi tu. Mimi nilitaka kumtoa huko, hata kwa makofi.

"Kaka, wewe mtu wa kompyuta. Mpime mwenyewe," aliniambia garini. "Ukisema hafai, na-quit farasi."

Nilikuwa nimeshampima. Matapeli wa namna hii nawajua. Kila mteja anapewa farasi wake, farasi mmoja lazima ashinde, na mteja wa huyo mmoja ndiye anayewapigia debe. Kwa hiyo nilimpigia simu Zuhair kwa jina la uongo, na mke wangu Genoveva naye akapiga kwa lake. Farasi wa kwanza hutajwa bure. Tulitajiwa farasi yule yule, hatukumchezea kamari, akashinda. Nilikereka vibaya sana.

"Kama anajua, mbona hachezi mwenyewe?" nilimuuliza Clement.

"Yeye ni kiti tu, kaka. Anayejua ni pepo aliyemkalia. Kiti hakili cha pepo wake."

"Na pepo analipwa nini?"

"Ukishashinda, unampelekea jogoo mwekundu. Anachinjwa mbele yake." Clement alipapasa mfuko wa plastiki mapajani. Yeye alikuwa ameshashinda. "Nimeleta."

Nilichungulia. Kuku wa supamaketi. Hana kichwa, hana manyoya, amegandishwa kama jiwe.

"Clement!"

"Sasa jogoo mzima nitamtoa wapi? Nikazunguke mashamba ya Upper Marlboro? Halafu nimchinjie kwenye apartment, majirani waite polisi? Kuku ni kuku, bwana."

Nilicheka mpaka nikakosea njia.

Mlango wa ghorofani ulifunguliwa na Bwana Zuhair mwenyewe, mzee mwembamba wa kanzu. Ndani kulifukizwa ubani, lakini chini ya ubani kulikuwa na harufu nyingine... jasho la farasi.

"Karibuni, wanangu," alisema kwa upole. "Mmekuja na chake?"

Clement aliweka mfuko kwenye sinia. Mzee akaufungua, akaufunga tena haraka.

"Mtoeni," alinong'ona. "Mtoeni upesi... hajamwona bado..."

Makaa ya chetezo yakazimika.

Ko... ko... ko...

Kwato. Juu ya zulia, ghorofani, ndani ya chumba kisicho na mnyama.

Shingo ya mzee ilijipinda nyuma mpaka ikalia. Iliporudi, macho yalikuwa meupe matupu. Akainama, akanusa mfuko.

"Hana damu."

Haikuwa sauti yake.

Alimrukia Clement. Mzee yule, ambaye ningeweza kumbeba kwa mkono mmoja, alimnyanyua mdogo wangu akambamiza ukutani, tena na tena, mpaka plasta ikamwagika. Kisha akamng'ata sikio. Nilisikia likikatika. Alilitafuna huku Clement akilia jina la mama yetu.

Nilikamata chetezo cha chuma nikampiga kichwani. Hakumwachia. Nikapiga tena, nalia, namtukana, damu ikinirukia mdomoni. Fuvu lilipasuka. Bado alikuwa ananyonya damu ya Clement! Nikapiga mpaka mkono ukafa ganzi, ndipo akaanguka.

Macho yake yakawa ya mzee tena.

"Ahsante, mwanangu," alinong'ona. "Amehama."

Akakata roho.

Polisi walikuta sikio mdomoni mwake, wakaniamini kwamba nilikuwa namwokoa ndugu yangu. Hospitalini, Clement alilala kichwa kimefungwa bandeji, hawezi kugeuka wala kusema. Nilikaa kando ya kitanda nikimwomba Mungu anirudishie mdogo wangu yule yule. Jioni ya pili, nesi Akinyi, Mkenya mchangamfu, alipokuwa akimbadilishia bandeji, midomo ya Clement ilicheza.

"Copper Bell," alinong'ona. "Kesho."

Lilikuwa jina la farasi. Usiku kucha niliomba farasi huyo avunjike miguu.

Kesho yake Akinyi aliingia karibu acheze kwa furaha, mkononi ana shada la maua.

"Wee! Huyu bro wako ni noma! Nilimshow bwanangu a-bet, na hiyo farasi imewin! Clement, nakupenda bure!"

Harufu ya jasho la farasi ilijaa chumbani.

Clement aliketi. Peke yake, wima, bila kushikwa.

"Umeniletea nini?" aliuliza.

Nilimwashiria Akinyi akimbie. Hakuniangalia.

"Maua tu, my dear," alisema Akinyi akicheka, akainama kumwekea mto vizuri.