Papa Mbonigaba Anaita Ng'ombe

— Tuanze na ile ya muzee anaita ng'ombe, Bibiche alisema. Batu banacheka kwanza, kisha banauliza filme inatoka siku gani.

Walikuwa wanne katika chumba kimoja, salle ya institut walikosoma, Walikale-centre, wamezunguka ordinateur ya Bibiche, kompyuta ndogo. Filamu yao ya mwisho wa mwaka ilikuwa imekwisha kupigwa. Ilibaki bande-annonce, ile filamu fupi ya dakika mbili ya kuwatamanisha watu waje kuona nzima. Jumapili ingeonyeshwa kwenye salle ya paroisse, ukumbi wa kanisa, kisha ingetumwa kwenye simu za kila mtu.

Bibiche ndiye aliyeongoza kazi. Byamungu alicheza mzee. Honoré aliandika hadithi: kijana wa porini, huku Walikale, anapanda milima ya Masisi kuomba mke, na hajui hata ng'ombe anakamuliwa upande gani. Ilichekesha, na mwishoni ililiza kidogo. Wa nne alikuwa Francine, aliyeshika micro ya kunasa sauti siku zote za kupiga filamu, isipokuwa wiki moja malaria ilipomlaza. Yeye na Honoré walipendana tangu mwaka uliopita, na promotion nzima, darasa lao lote, ilijua.

Bibiche akabonyeza. Kwenye skrini Byamungu, ndani ya koti kubwa kuliko yeye, alisimama kwenye kiwanja kitupu, fimbo mkononi, akapiga kelele:

— Bihogo! Gaju! Gitare! Mukuye, jua inapanda!

Hakukuwa na ng'ombe hata mmoja. Akageuka huku, akageuka kule, akateleza, akakaa matopeni. Byamungu alijicheka mwenyewe kuliko wote.

Francine hakucheka. Aliomba irudishwe. Ikarudishwa. Ndipo akamgeukia Honoré.

— Nani aliandika hii?

Honoré aliangalia meza.

— Ni miye.

Francine akachukua sakoshi yake ya vitabu, akatoka bila kubamiza mlango.

Bibiche na Byamungu hawakuelewa. Honoré alielewa vizuri sana. Miezi minne nyuma, siku ya Jumapili, wakiwa wamekaa kando ya mto Lowa, Francine alimwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Familia yake ilikimbia vita upande wa Kitshanga, ikaacha ng'ombe kumi na wawili. Sasa walikaa kwa watu, kwenye nyumba ya kupewa. Na kila asubuhi, baba yake, Papa Mbonigaba, alitoka nyuma ya nyumba kabla wengine hawajainuka kitandani, akasimama na kuita ng'ombe wake kwa majina. Kisha alirudi ndani, akanywa chai kama kawaida. Mama alikataza watoto wasilitaje kamwe. Francine alisimulia hayo akilia, na Honoré alimshika mkono mpaka aliponyamaza.

Wiki ile ya malaria, hadithi ilipokosa kitu cha kuchekesha, Honoré alikaa akaandika sehemu ile ya mzee, ikapigwa Francine hayupo.

Jioni ya siku Francine alipotoka, simu ya Honoré ikaleta ujumbe wake:

"Honoré, nilikuambiaka ile mambo juu nilichoka kuibeba peke yangu. Weye ukaenda kuipa batu bacheke. Jumapili papa atakuwa mu salle. Usinipigie."

Alipiga hata hivyo. Simu ilikuwa imezimwa.

Asubuhi akamwomba Bibiche aitoe ile sehemu. Bibiche hakuwa mtu mbaya, lakini alisema bila hiyo bande-annonce yao ni watu wanaozungumza tu, nani atakuja? Akataka kujua sababu. Honoré akaona kwamba akieleza, atakuwa ameitoa siri ya Francine mara ya pili.

— Haikukuwa yangu ya kuandika, alisema. Siwezi kusema zaidi.

Bibiche alimtazama kidogo, akampa mpaka Alhamisi alete kitu kingine cha kuweka pale.

Honoré hakwenda kutafuta kitu kingine. Alikwenda moja kwa moja kwa akina Francine. Alimkuta Papa Mbonigaba akipalilia maharagwe kwenye shamba la wenyeji wake. Francine alikuwa kando akifua nguo. Alipomwona Honoré alinyooka.

Honoré alivua kofia. Njia nzima alikuwa ametengeneza maneno mazuri, akayasahau yote.

— Papa, niliandika mambo yako bila kukuomba. Francine aliniambia akilia, miye nikaifanya ya kuchekesha. Nimekuya kukuambia leo, mbele uione mu salle Jumapili.

Mzee aliegemea jembe lake. Akauliza kama filamu hiyo iko ndani ya simu. Honoré akaifungua.

Byamungu alipoanguka matopeni, Papa Mbonigaba alitoa kicheko kifupi, kama mtu aliyeshtuliwa. Akaomba kuona tena. Mara ya tatu hakucheka. Francine alikuwa amesogea, mikono bado ina povu.

— Huyu anapiga kelele sana, mzee alisema. Bihogo akisikia kelele anakimbia. Yeye anaitwaka pole.

Akamgeukia binti yake, akamuuliza kama kweli huwa anamsikia asubuhi. Francine akaitika kwa kichwa. Mama pia? Mama pia, na wadogo wote.

— Miye nilizani munalala, alisema.

Alirudisha simu. Akasema yule kijana anayecheza mzee aachwe tu aanguke, kuanguka si dhambi. Ila watu wasikie pia ng'ombe anavyoitwa. Uso wake hataki uonekane. Sauti, sawa.

Honoré alimtazama Francine.

— Usiniangalie miye, Francine akasema. Yeye njo mwenye ng'ombe.

Alhamisi asubuhi Francine mwenyewe alishika micro nyuma ya nyumba. Baba yake alisimama mahali pake pa siku zote, akaanza taratibu. Hakuita watatu. Aliita wote kumi na wawili, na baada ya kila jina alingoja kidogo. Mama yake Francine alitoka ndani, akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza akamsikiliza bila kujificha.

Bibiche aliisikiliza sauti hiyo mpaka mwisho, écouteurs masikioni, na hakubishana tena.

Jumapili salle ilijaa. Byamungu akaanguka, watu wakacheka mpaka viti vikalia. Skrini ikawa nyeusi. Ikabaki sauti moja ya pole ikiita majina, jina kwa jina, na kicheko kikazimika. Mama mmoja wa Kitshanga, kwenye viti vya mbele, akataja kwa sauti ndogo ng'ombe wake mwenyewe. Papa Mbonigaba alikuwa amekaa, kofia juu ya magoti.

Nje, Francine alimngoja Honoré kando ya ukuta. Tangu wiki ianze hawakuwa wamesema ila mambo ya kazi.

— Sikusamehe juu filme imependeza, alisema.

— Najua.

— Ninakusamehe juu ulienda kwa papa weye mwenyewe, na haukumutupia Byamungu makosa. Lakini kitu nakuambia peke yako, ukitaka kuitosha inje batu baisikie, unaniuliza kwanza.

— Nitauliza.

Watu walikuwa wanatoka, wanasalimiana.

— Basi leo nauliza, Honoré akasema. Naweza kuleta bazee betu kwa papa yako?

Francine alitazama mlangoni. Baba yake alikuwa amemshika Byamungu bega, akimwonyesha jinsi fimbo inavyoshikwa.

— Ubalete, alisema. Lakini Bibiche abakie kwao na kamera yake.