Saa Njema ya Vadivu

Jumapili jioni Kayal alikuwa anakunja sari zake, tumbo la miezi tisa likimzuia kuinama. Kwao ni ng'ambo tu ya mto Kaveri, na mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa bibi mzaa mama. Mumewe, Ilango, alikwenda kutafuta bajaji. Alimwonya asitoe mguu nje kabla ya saa kumi na mbili, ili saa za Rahu, zile za nuksi, zipite kwanza.

Kayal alikuwa amechoshwa na hizo saa. Mama mkwe wake, Vadivu, Mungu amsamehe, alikuwa na kalenda ya kuchana karatasi kila asubuhi, na bila kuisoma hakuna aliyekwenda hata kisimani. Leo saa mbaya, kesho upande mbaya. Miezi miwili mizima alimzuia mkamwana wake kwenda kwao, maana alitaka mjukuu azaliwe mikononi mwake.

Jumanne iliyopita Vadivu akafa. Kuhani akapekua kalenda yake, akatikisa kichwa. Bibi kafa kwenye nyota mbaya. Wakamtoa kwa tundu walilotoboa ukutani, asije akaujua mlango wa kurudia. Tundu likazibwa, chumba chake kikapigwa kufuli kwa miezi sita, na kuhani akalizungushia uzi wa manjano. Kikifunguliwa mapema, alisema kuhani, nyumba hii itazika mwingine. Kalenda ya bibi ilibaki humo humo.

Kayal akafunga begi. Halafu akasikia.

Chwaaa...

Karatasi inachanwa. Polepole. Nyuma ya kufuli.

Akajiambia ni panya, lakini moyo ulikataa. Harufu ya tambuu aliyokuwa akitafuna Vadivu ikamjia puani. Akaukimbilia mlango wa mbele, ukagoma. Haukuwa na komeo, umegoma tu. Akausukuma kwa bega mpaka jasho likamtoka.

"Bado, mwanangu," sauti ikanong'ona chumbani. "Saa mbaya."

"Mama, niachie niende kwetu."

Chwaaa...

"Bado."

Uchungu ukamshika kiunoni. Akaupiga mlango ngumi, akaita majirani, asisikiwe na mtu. Akaserereka mpaka chini, sakafu ikalowa. Kengele ya hekalu ikalia. Saa kumi na mbili.

"Sasa ni saa njema." Sauti ilikuwa sikioni mwake. "Nipe."

Kisha giza...

Ilango aliugusa tu mlango, ukafunguka. Akamkuta mkewe kwenye damu, tumbo limelala, mtoto hayupo. Akatafuta uvunguni, akafumua sari zote, huku analia. Kayal akanyoosha kidole kwenye kufuli. Lilikuwa limefungwa vilevile, na uzi wa manjano wa kuhani haujakatika.

Ndani, kichanga kilikuwa kinalia.

Ilango akachukua nyundo, akasimama nayo mbele ya kufuli.

"Kayal, tukifungua tutazika mtu."

"Mwanangu yumo humo. Vunja, au nipe mimi hiyo nyundo."

Akaiinua. Mtoto akanyamaza ghafla, na mle ndani mtu akaanza kumbembeleza, taratibu.