Kizibo cha Kinyozi

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofundishwa. Kinyozi aliziba, na nyumba nzima ikamporomokea.

Walikutana Jumamosi katika duka la vifaa vya ujenzi, wateja wamebanana kaunta kama njiti kwenye kiberiti. Kinyozi, shati jeupe limenyooka, manukato yanamtangulia, alikuwa ameshika koili ya kuchemshia maji.

"Kaka, hiyo ni ya birika," sauti ikasema nyuma yake. "Au unataka kumwogesha paka?"

Akageuka. Msichana wa ovaroli ya buluu, kilemba chekundu, spana mfukoni, macho yanacheka.

"Nataka ya hita ya bafuni. Wewe nani?"

"Fundi. Hita yenyewe ina umri gani?"

"Mama anasema ni rika langu."

"Basi nyote wawili mnahitaji kuangaliwa."

Akaenda kuiangalia. Alimwaga tope la chokaa lililojaa tumboni mwa tangi, akabadilisha koili, akafunga vali mpya ya usalama.

"Mama, maji yakipata moto vali hii itadondosha matone," alimwambia mama yake Kinyozi. "Iacheni ilie, ndiyo pumzi yake. Na tangi limeliwa na kutu, tafuteni jingine mapema."

Tangi halikutafutwa. Mapenzi ndiyo yaliyopatikana.

"Umekula, fundi wangu?" Kinyozi alikuwa akipiga simu kila mchana.

"Nimekula vumbi. Wewe?"

"Nimekula nywele."

Walikuwa wakicheka hadi wateja wa Kinyozi wanalalamika. Fundi, aliyezoea kuongea na mabomba, akajikuta anapaka wanja kabla ya kupanda ngazi.

Siku wazazi wake walipoalikwa kwa kina Kinyozi kuwaona wakwe na kupanga harusi, alivaa gauni la rangi ya zambarau. Soda zilikuwa mezani, mama mkwe ametandika zulia jipya. Fundi akaenda bafuni kunawa mikono. Akasikia tangi linanguruma kama tumbo la mwenye njaa. Akatazama vali. Mdomoni mwake kulikuwa na kizibo cha chuma, kimekazwa kwa nguvu zote.

Alizima swichi kuu. "Tokeni nje! Wote! Sasa hivi!"

Walikuwa bado wanavaa viatu uani tangi lilipopasuka. Mvuke ukatoka dirishani, maji ya moto yakamwagika hadi kwenye zulia.

"Nani ameziba vali?" Fundi aliuliza.

Mama mkwe akashika kiuno. "Unaniuliza mimi? Si wewe mwenyewe ulikuja kuziba, nilipolalamika matone yananitoboa kichwa? Mwanangu aliniambia."

Fundi akamtazama Kinyozi. Kinyozi akatazama viatu vyake. Vilikuwa vinang'aa.

Jioni simu ikalia.

"Mpenzi, nilitaka amani tu nyumbani. Mwombe mama radhi. Neno moja, na harusi iko palepale."

"Umemwambia ukweli?"

"Akijua ni mimi nitamvunja moyo. Wewe una moyo mkubwa, utabeba."

"Ungeniua, Kinyozi. Ungewaua wazazi wangu. Na bado unanitafutia mzigo?"

Akakata simu, akalia mpaka wanja ukaisha usoni. Alimpenda, hilo ndilo lililomchoma kuliko mvuke.

Lakini alirudi. Siku ile tangi lilipopasuka alikuwa amemwahidi mama mkwe kumfungia hita mpya, na ahadi yake haikuwa kama neno la Kinyozi. Alishusha tangi bovu, akapandisha jipya, akakaza maungio, akajaza maji, ndipo akawasha umeme. Mama mkwe alikaa kwenye kiti mlangoni, mikono kifuani.

"Nasubiri, binti."

Nyuma yake Kinyozi alikuwa amesimama, macho yanasihi.

Vali ikaanza kudondosha. Tone. Tone jingine. Fundi akafuta spana, akaitia mfukoni.

"Mama, hita ni nzima. Vali italia, iache ilie. Kama unataka kujua nani aliziba ile ya kwanza, muulize aliyekuambia ni mimi. Huyo hapo nyuma yako." Akachukua ngazi yake. "Mimi siombi radhi."